Majani Yaliyopukutika Wiki ya Tatu

SWALI: Ndugu Mshauri, nilinunua mmea wa Ficus benjamina uliosheheni majani mabichi. Siku hiyohiyo niliuhamishia katika chungu kikubwa, nikautia mbolea na kuuweka kwenye kona ya sebule iliyokuwa tupu. Wiki ya tatu majani yakaanza kupukutika, na kadiri yalivyopukutika ndivyo nilivyozidi kuumwagilia maji, hadi ukafa. Ninatamani kununua mwingine, ila nina hofu. Nichague vipi, na nikiufikisha nyumbani niutunzeje? Nina mtoto anayetambaa.

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Hukuwa mzembe hata kidogo. Uliutendea mmea wako mambo mengi mno kwa wakati mmoja. Ficus benjamina hupukutisha majani karibu kila unapohamishwa, kwa sababu majani yaliyokulia kwenye mwanga mwingi hayawezi kujitegemea katika mwanga hafifu, nao mmea huyaacha ili uoteshe mengine yanayolingana na mahali pake papya. Mmea uliopungukiwa na majani hunywa maji machache kuliko awali. Wewe uliongeza maji, tena katika chungu kikubwa ambacho udongo wake mwingi haukuwa na mizizi ya kuyanyonya. Udongo ukalowa siku nyingi, hewa ikakosekana, na mizizi ikaoza.

Safari hii anza na mahali, kisha ndipo utafute mmea. Adhuhuri ya siku isiyo na mawingu, weka karatasi nyeupe pale unapokusudia kuuweka, unyooshe mkono juu yake kama sentimita 30, kisha utazame kivuli. Vidole vikionekana vimechorwa waziwazi, hapo pana mwanga wa kutosha mimea mingi. Kikionekana kivuli kizito lakini kingo zake zimefifia, mwanga ni wa wastani. Usipokiona kabisa, usijidanganye: hakuna mmea utakaostawi hapo, na ni heri kusogea karibu na dirisha, kwani mwanga hupungua haraka sana kila hatua unayorudi nyuma, ingawa macho yetu huizoea hali hiyo na kutuonyesha chumba kuwa na mwanga wa kutosha.

Kwa mwanga wa wastani, na kwa mtu mwepesi wa kumwagilia maji mara kwa mara, ningechagua kwanza Chlorophytum comosum, mmea wenye majani membamba yenye mistari myeupe, ambao huvumilia makosa mengi na hutoa vichipukizi unavyoweza kuvipanda upya.

Ukifika dukani, usiuchukue ule mkubwa kuliko yote. Tafuta wenye majani machanga yanayochomoza, kisha geuza jani utazame chini yake. Vinyuzi vyembamba kama utando wa buibui ni dalili ya utitiri. Vidonge vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Inua chungu na uchungulie tundu la chini: mizizi myeupe au ya rangi ya krimu ni mizuri, ila yenye rangi ya kahawia, laini na yenye harufu ya uozo ni sababu ya kuuacha, hata muuzaji akikupunguzia bei.

Nyumbani, utenge na mimea mingine kwa wiki mbili au zaidi, kwa kuwa mayai ya wadudu hayaonekani kirahisi siku ya kwanza. Uache katika chungu ulichokuja nacho; ukikipenda kile kizuri ulichonacho, tumbukiza chungu hicho ndani yake, mradi umwage maji yanayotuama chini. Kuhama kwenyewe kunatosha kuusumbua, kwa hiyo mbolea isubiri hadi uone majani mapya. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole kwenye udongo kwa kina cha sentimita 2 au 3. Ukiwa bado una unyevu, uache. Chungu chenye udongo lazima kiwe na tundu chini, na kokoto zinazowekwa chini yake hazichukui nafasi ya tundu hilo, kwani maji hubaki yametuama kwenye udongo ulio juu ya kokoto.

Kuhusu mtoto, nakusihi uwe makini. Monstera, Dieffenbachia na Epipremnum aureum, ule unaotambaa, ingawa ni mimea inayopendwa sana, ina fuwele za oksalati ya kalsiamu, yaani chembe ndogo zenye ncha kali, ambazo mtoto akitafuna jani humchoma mdomo na ulimi na kuvimbisha. Zamioculcas, ambao wengi hupewa kwa sababu haufi upesi, nao una fuwele hizo. Utomvu wa Ficus benjamina pia huwasha ngozi, hivyo safari hii usiurudie. Chlorophytum hauna sumu ya kuogopwa, lakini uweke juu ya rafu asiyoifikia, kwani mtoto anaweza kuuvuta, chungu kikamwangukia.