Usiliharakishe Jina la Gari Jipya

Mtu aliyepoteza gari alilolizoea hushikwa na haraka ya kulipa jina gari linalofuata, na mara nyingi jina la kwanza linalomjia ni lile lile la gari lililoondoka. Ushauri wangu kwa aliye katika hali hiyo ni kwamba asilirithishe jina hilo, wala asikubali jina jingine lolote kabla gari halijakaa nyumbani muda wa kutosha kuonyesha tabia zake.

Nasema hivyo kwa sababu sisi tulimpoteza Meku. Alikuwa Suzuki Escudo ambayo ilikwisha kuzeeka tulipoinunua, na jina hilo, ambalo huku Moshi huitiwa mzee wa kiume, lilimkaa kutokana na namna alivyopanda kwenda Kibosho kwa gia ya pili bila kumjali aliyekuwa akipiga honi nyuma yake. Lori lililokatika breki lilimgonga kwa nyuma kwenye mteremko wa Kikavu. Watu tulitoka salama, lakini chesisi ilikuwa imepinda, fundi akatushauri tusipoteze fedha, na Meku akauzwa kama spea.

Ilipofika Noah iliyotumika Japani, mama yangu alitaka nayo iitwe Meku, na hoja yake haikuwa nyepesi. Kwa desturi yetu Wachaga, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, hivyo jina la mzee huendelea kuitwa uani hata baada ya mwenyewe kuzikwa. Hata hivyo, mjukuu hakabidhiwi kazi za babu yake siku anayopewa jina, huachwa akue. Gari halipati muhula huo. Noah ina tumbo la chini, na siku ya kwanza ilipokwaruza jiwe kwenye njia ya kwenda shambani, wote tuliokuwa ndani tulisema kwamba Meku asingegusa. Kama nayo ingekuwa inaitwa Meku, lawama hiyo ingerudiwa kila wiki, na gari zima lisilo na kosa lingeonekana bovu. Anayetaka kumbukumbu ni afadhali ahamishe kifaa kinachofanya kazi: jeki ya Meku, ambayo mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli ili usiteleze, sasa iko chini ya kiti cha nyuma cha Noah, na inatumika.

Majina ya ndugu walio hai nayapinga kabisa. Kabla hujalikubali jina, litamke kwa sauti ndani ya sentensi ambazo utazisema gereji mbele ya watu: anachemsha, anavuja oili, amegoma kuwaka, anakula mafuta kuliko zamani. Binamu yangu alipendekeza tuliite gari kwa jina la shangazi yetu kwa nia njema ya kumheshimu, nami nikamwomba ajaribu kumpigia fundi simu na kumweleza kwamba shangazi anatoa moshi mweusi. Hakuendelea.

Kuna pia majina ambayo mtaa umekwisha kuyatoa kwa aina nzima ya magari. Land Cruiser VX ilikuwa shangingi kabla mwenye nayo hajaamua lolote, Suzuki Carry ni kirikuu, na wauza magari watakutajia RAV4 Kilitime kana kwamba kiwanda ndicho kilichoiita hivyo. Jina la nyumbani halina sababu ya kushindana na hayo. Likifanana nayo, hakuna atakayejua unazungumzia gari lipi. Kuhusu kuandika jina kwenye namba za usajili, inawezekana kisheria, lakini bajeti ya mwaka 2016/17 ilipandisha ada yake kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa kila miaka mitatu, na kwa gari la kwenda shamba na kanisani, hiyo ilikuwa fedha ya kununua injini nyingine na kubaki na chenji.

Jina la kwetu lilikuja lenyewe, tena kutoka kwa mama aliyelitaka la zamani. Ukiwasha Noah ile, sauti ya mwanamke huongea Kijapani kwa upole. Ni kifaa cha malipo ya barabara za kulipia za Japani, nacho hutoa taarifa kwamba kadi haijaingizwa, nasi hatujapata sababu ya kukitoa. Mama, aliyekuwa amekaa mbele akipanga vitenge vyake, aliisikia sauti hiyo na kuitikia "Marahaba" bila hata kugeuka. Kuanzia hapo gari likawa Marahaba, na aliyekuwa akitaka Simba au Malaika hakuwa na hoja tena.

Jina likishapatikana, lisipelekwe haraka kwa mwandika stika. Liache lizungumzwe kwanza, kwani gundi ya stika iliyobanduliwa kwenye kioo cha nyuma ni kazi ya petroli na kisu. Sisi bado hatujabandika kitu, kwa kuwa mdogo wangu anashikilia kwamba jina hilo likiandikwa, watoto wa mtaa mzima watakuwa wanaliamkia gari kila asubuhi, na kwa kweli wawili watatu wameshaanza.