Kabla hujanunua lenzi nyingine, fungua picha zako kwanza

Juzi maharusi wamenitumia orodha ya picha walizochagua kwa ajili ya albamu yao. Nimeipitia mara mbili. Zaidi ya nusu nimezipiga kwa lenzi moja, Canon EF 85mm f/1.8, ileile niliyoambiwa mbele za watu kwamba ni lenzi ya wanaojifunza. Aliyesema ni mpigapicha mkubwa kwangu kwa umri na kwa jina, na alisema akicheka huku mteja wangu amesimama pembeni anasikia. Neno lile limekaa moyoni kwa miaka. Kwa hiyo leo nina furaha, na sioni sababu ya kuificha.

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko wote ni huu: "Ninunue lenzi gani, hii au ile?" Mtu anataja lenzi mbili na kamera yake, basi. Hasemi anapiga nini, hasemi picha zake za sasa zimepungukiwa na nini. Ndugu yangu, hilo ndilo swali lenyewe. Jibu liko kwenye picha ulizokwisha kupiga.

Picha inayotoka kwenye kamera ya kidijitali hubeba kumbukumbu zake ndani: milimita ulizotumia (zikiwa nyingi, lenzi inavuta karibu zaidi), ukubwa wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga, kasi ya shata (muda ambao mwanga unaingia), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Programu ya kupanga picha kama Lightroom au digiKam itakuchujia picha zako kwa lenzi na kwa milimita. Chukua zile unazozipenda tu, zile ambazo ungemwonyesha mtu bila kuombwa, uone zimerundikana wapi. Zangu za lenzi ya zumu, inayovuta kutoka milimita 24 hadi 70, zilikuwa zimejazana kwenye 70, na nyingi nilikuwa nimezikata kingo ili niukaribie uso zaidi. Hapo hakukuwa na haja ya kumuuliza mtu. 85 ilikuwa inajitaja yenyewe.

Milimita zikishajulikana, ndipo watu wanapopotelea kwenye namba ya f, ile inayopima tundu: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kutoka f/2.8 kwenda f/4 mwanga unapungua nusu, na ukifika f/5.6 umebaki na robo. Kwa mwenye lenzi ya 18-55 f/3.5-5.6 iliyokuja na kamera, jambo hili ni kubwa kweli: pale ambapo lenzi ya f/2.8 ingekupa shata ya sekunde 1/200, yako ikiwa imevutwa hadi mwisho inakupa 1/50, na anayecheza muziki anatoka na ukungu. Kitulizi cha mtikisiko hakikusaidii hapo, kwa kuwa kinatuliza mkono wako na si miguu ya anayecheza. Kama picha zako zinaharibika namna hiyo, lenzi yenye tundu kubwa ni haki yako, nunua bila kusita.

Ila kutoka f/1.8 kwenda f/1.2 ni habari nyingine. Ile 85mm f/1.2L II aliyokuwa nayo yule mpigapicha aliyenicheka siku ile inaingiza mwanga mara mbili na robo ya yangu. Ni kweli, na picha zake ni nzuri sana, sitamdhulumu. Lakini ina uzito wa gramu 1025, yangu 425. Fokasi yake ni ya polepole kwa sababu mota inasukuma vioo vikubwa. Na ukisimama mita mbili kutoka kwa mtu, ukafungua f/1.2 kwenye kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), eneo lililo kali ni kama sentimita 4 tu. Bibi harusi akigeuza uso kidogo, jicho moja limekwenda. Maharusi wawili waliokaa bega kwa bega nawapiga kwa f/4, na kwenye f/4 hakuna atakayejua nilikuwa na lenzi ipi. Yangu nayo ina ila yake: kwenye f/1.8, ukingo wa shela jeupe dhidi ya kitu cheusi hutoa rangi ya zambarau. Nikifunga tundu hadi f/2.8 nyingi yake inaondoka.

Ukipata nafasi ya kushika lenzi mbili kwa wakati mmoja, zilinganishe kwa haki. Kamera iwe kwenye tripodi, umbali uleule, mwanga uleule, faili za RAW (ghafi, ambazo kamera haijazirekebisha), shata ya kuchelewa sekunde mbili ili kidole kisitikise. Piga zote mbili kwenye tundu lao kubwa kabisa, kisha zote kwenye f/2.8, kisha f/5.6. Kuiweka moja kwenye f/1.8 na nyingine kwenye f/4, halafu ukasema ya pili ni kali zaidi, ni uonevu. Karibu kila lenzi hukaza makali tundu likifungwa hatua moja au mbili (kila hatua hupunguza mwanga nusu), na ukipita f/16 zote zinaanza kulegea. Rudia fokasi kila mara, kwa sababu fokasi ya kamera haitui palepale siku zote. Tazama katikati, halafu pembe zote nne. Pembe za kushoto zikiwa kali na za kulia zina ukungu, kioo kimoja ndani kimekaa upande, irudishe hiyo. Mwisho geukia dirisha lenye jua upige mtu akiwa mbele yake. Kipimo hiki cha mwisho nakiamini kuliko majedwali yote ya vipimo na picha za kuta za matofali ambazo watu hupimia makali ya lenzi, maana kuta hazinilipi, watu ndio wanaonilipa.

Halafu kumbuka sensa yako. Kwenye Canon ya APS-C, yaani yenye sensa ndogo, 85 inakupa mwono wa kama 136 kwenye sensa kubwa, na kwenye chumba kidogo utagonga ukuta kwa mgongo. Mwenye APS-C anayependa nyuso aijaribu 50 kwanza.

Vijana mnaoanza, niwaombe jambo. Msinunue lenzi ili mtu fulani aache kuwacheka. Mimi nilitamani sana kufanya hivyo, na najua hasira ile inavyosukuma mkono mfukoni. Fungueni picha zenu. Mkikuta 35, nunueni 35 hata kama wote wanasifia 85.

Kwa anayenunua iliyokwisha tumika: fungua tundu lote, angaza tochi kutoka nyuma ya lenzi, uangalie ndani. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi zilizotapakaa kama utando wa buibui ni kuvu, iache hapohapo. Zungusha pete ya fokasi usikie kama kuna mchanga. Na uifunge kwenye kamera yako mwenyewe, si ya muuzaji, kwa sababu kamera ndogo za Nikon kama D3500 hazina mota ya fokasi ndani, na lenzi za AF-D, ambazo hutegemea mota ya kamera, zikifungwa humo utafokasi kwa mkono tu.