Indiketa za Land Rover ya zamani zikipepesa kivivu, flasha iwe ya mwisho kushukiwa

Fundi mpya akiletewa Land Rover Series III ambayo indiketa zake zinapepesa polepole, mara nyingi hukimbilia dukani kununua flasha, kile kifaa kinachokata na kuunga umeme wa indiketa ili zipepese. Tunakuomba usianzie hapo. Flasha ya gari hizi huenda na mkondo unaoipitia, na ikizembea, mara nyingi sababu ni kwamba mkondo umepungua. Tafuta kwanza unapopotelea.

Ijue flasha yenyewe. 8FL ya kampuni ya Lucas, ile ya temino (sehemu za kuunga waya) mbili zenye herufi B na L, ina utepe mwembamba wa chuma ulioshikilia kibati. Ukiwasha indiketa, taa zinawaka papo hapo. Mkondo wa taa unapita kwenye utepe, utepe unapata joto na kurefuka, kibati kinaruka na kukata umeme. Utepe ukipoa, kibati kinarudi. Aina ya zamani zaidi, FL5 yenye temino B, L na P, huanza na kiza kifupi wakati waya wake unapata joto, ndipo taa zinawaka. Zote mbili hupima muda kwa joto, na joto hufuata mraba wa mkondo: mkondo ukishuka asilimia 10, joto linashuka karibu asilimia 19. Ndiyo maana kutu kidogo tu kwenye kiungio kunatosha kuzifanya taa zionekane zimechoka.

Kila upande una balbu mbili za wati 21. Kwa volti 12, kila moja inakula ampea 1.75, jumla 3.5, na flasha imetengenezwa kwa mzigo huo. Balbu moja ikiungua, 8FL hupepesa kwa kuchelewa mno au huacha taa iliyobaki ikiwaka moja kwa moja. Aliyezoea gari mpya huchanganyikiwa hapa, kwa sababu kwenye flasha ya elektroniki balbu ikiungua upepesaji huenda mbio.

Usiridhike kuona balbu zote zinawaka. Zichomoe usome maandishi kwenye kitako. Balbu ya wati 10, hata ya wati 5, ina kitako kileile cha milimita 15 chenye pini mbili zilizolingana. Inaingia kwenye holda bila shida, inawaka, na mtu anaona mambo sawa. Ile ya wati 10 inakula ampea 0.83 tu, chini ya nusu ya inayotakiwa. Gari iliyopita mikono mingi huwa na balbu za kuokoteza, kwa hiyo hatua hii usiiruke.

Kisha hesabu mipepeso kwa nusu dakika, injini ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta), halafu ukikanyaga mafuta. Kawaida ni kati ya 60 na 120 kwa dakika. Ikichangamka unapokanyaga mafuta, pima betri na chaji: betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6, na injini ikizunguka vizuri 13.8 hadi 14.4. Gari za dainamo (jenereta ya zamani, kabla ya oltaneta) hazichaji vizuri kwenye sailensa, hivyo kwao uzito kidogo hapo, yaani kupepesa polepole, si ugonjwa. Angalia pia kama tatizo liko upande mmoja au pande zote. Upande mmoja ukiwa mzito na mwingine mzima, flasha haina hatia. Tafuta kuanzia swichi ya indiketa kwenda kwenye taa za upande huo. Zote zikiwa nzito, shuku njia ya pamoja: betri, boksi la fyuzi, swichi ya funguo, na flasha.

Kupima mkondo unaokatika-katika ni kujisumbua. Chomoa flasha, uunganishe nyaya zake mbili kwa kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 10. Kwa mpangilio wa rangi wa Lucas, waya unaoingia ni wa kijani, unaokwenda kwenye swichi ni kijani hafifu wenye mstari wa kahawia. Kijani chenye mstari mwekundu ni taa za kushoto, kijani chenye mstari mweupe ni za kulia. Sasa taa zinawaka bila kukatika. Pima betri, kisha pima kwenye holda, kati ya ncha ya katikati na ganda lake. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna pa kusafisha.

Anza na ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi na chesi, hasa kwenye Land Rover. Bodi yake ni ya alumini, skrubu ni za chuma, na vikikutana kwenye unyevu alumini inaota unga mweupe usiopitisha umeme. Gari za Tanga, Mombasa au Unguja zinaumia zaidi kwa chumvi ya bahari. Weka ncha nyekundu ya mita kwenye ganda la holda, nyeusi kwenye hasi ya betri, taa zikiwa zinawaka. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, ethi ni mbovu. Kupiga msasa na kupaka grisi kunasaidia kwa muda. Dawa ya kudumu ni kuvuta waya mweusi wa milimita mraba 1.5 kutoka kwenye holda hadi kwenye chesi iliyokwanguliwa hadi chuma king'ae.

Ethi ikiwa nzima, weka ncha nyeusi kwenye hasi ya betri na utembeze nyekundu: kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, waya wa B, waya wa L, baada ya swichi. Panaposhuka ghafla ndipo palipo na ugonjwa. Mara nyingi ni vishikizo vya fyuzi vilivyolegea au kuota kijani. Toa waya wa betri kabla ya kuvisugua. Fyuzi ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 huungua kwenye ampea 35 lakini hubeba 17 tu mfululizo. Usibadilishe kwa fyuzi ya kisasa ya 35.

Volti ikifika salama na uzito ukabaki, sasa nunua flasha, iliyoandikwa wati 21 mara mbili. Nyingi za elektroniki zinahitaji waya wa tatu wa ethi, na kwenye Land Rover za zamani zaidi zenye ethi ya chanya (chanya ya betri ndiyo imeungwa kwenye chesi), flasha ya elektroniki ya kawaida inaweza kuungua ukiiunga. Flasha ya elektroniki pia hupepesa sawasawa hata volti zikiwa zimepotea njiani, kwa hiyo ukiifunga kabla ya kusafisha, mwendo utapona lakini taa zitabaki hafifu, na dereva wa nyuma hataziona jua likiwa kali.