Mwani unapauka Paje: niwakubalie watafiti?

Dada, umeuliza kama uwaruhusu watafiti wajaribu kotonii yako, ile aina ya mwani, kwenye maji marefu, maana hapo Paje, Zanzibar, kotonii inageuka nyeupe, ukishika tawi linakatikia mkononi. Mimi nasema kubali. Ugonjwa huo huzidi maji yakipata joto, na kwenye vigingi tunavyofungia mwani maji mafupi, wakati wa maji kupwa, yanakuwa vuguvugu hasa. Huko nje joto halipandi hivyo.

Ila waonane kwanza na sheha, kibali cha utafiti ukione, na mwandikiane mavuno ni ya nani. Nani atakupeleka kwa mashua? Wanawake wengi wa mwani hatujui kuogelea. Wasikutie majini bila mafunzo na jaketi la kuokolea. Matokeo wayalete kijijini, kwa Kiswahili. Spinosamu yako, ile aina nyingine ya mwani, iache palepale, hiyo huvumilia zaidi.