Mlango wa gereji unaporudi juu badala ya kufunga

Nyumba nyingi za huku Minnesota, Marekani, zina gereji, na nikisema gereji simaanishi kwa mafundi wa magari bali chumba cha kulaza gari kilichoungana na nyumba, chenye mlango mpana wa mapande unaovutwa na mota mpaka ukalala chini ya dari. Novemba moja mlango wetu uligoma kufunga. Ulishuka kiasi cha shubiri mbili, ukasita, ukarudi juu, huku taa ya mota ikiwaka na kuzima mara kumi. Fundi tuliyemwita alifika asubuhi, akabonyeza swichi, mlango ukafunga bila taabu, na hata hivyo akatushauri tubadilishe mota nzima kwa kuwa imechoka. Nilikuwa tayari kulipa, ila binti yangu akaniambia, "Baba, asubuhi huwa unafunga. Unagoma tukirudi kutoka shule tu."

Maneno hayo yalinifanya niache kuitazama mota, kwa sababu mota iliyochoka haichagui saa. Nikainama kutazama vihisi viwili vilivyofungwa chini, kimoja kila upande wa mlango, si zaidi ya sentimita 15 kutoka sakafuni. Watu huviita macho, na kwa kweli ndiyo kazi yake: jicho moja hurusha mwale usioonekana, la pili huupokea, na mwale ukikatika mlango ulio njiani kushuka hurudi juu. Kinga ya namna hii imekuwa sharti la sheria ya Marekani kwa mota za milango ya nyumba zinazotengenezwa tangu mwaka 1993, baada ya watoto kufa kwa kubanwa na milango hii. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mlango unaorudi juu huenda unatii tu kile ulichoamriwa, na kazi ya mwenye nyumba ni kujua umeona nini.

Kwa mota yetu jicho linalorusha lina taa ya manjano na linalopokea lina taa ya kijani. Alasiri ile, taa ya manjano ilikuwa inawaka, ya kijani imezimika, na hapakuwa na kitu chochote kati yake. Nilipochuchumaa karibu zaidi ili nipanguse kioo, taa ya kijani ikawaka yenyewe, nikasogea, ikazimika, nikarudi, ikawaka. Kivuli changu ndicho kilichokuwa kikiitibu. Mlango wetu unatazama magharibi, jicho pokezi lilikuwa upande wa kaskazini likielekea kusini, na majira ya baridi yanapokaribia jua la huku hutelemkia kusini-magharibi likiwa chini sana, kwa hiyo mlango ukiwa wazi mwanga wake uliingia moja kwa moja ndani ya jicho lile na kuumeza mwale. Nilichomoa umeme wa mota, nikabadilishana macho hayo mawili ili pokezi liwe upande wa kusini, lilipe jua kisogo, na tatizo likaisha siku hiyohiyo. Asiyetaka kugusa nyaya anaweza kulivisha jicho pokezi kipande kifupi cha bomba la karatasi ngumu kama kofia.

Sababu nyingine za macho ni nyepesi zaidi: utando wa buibui, vumbi, mpini wa fagio ulioegemezwa, au kishikizo kilichopindishwa na gurudumu la baiskeli. Uzi ulionyooshwa kutoka jicho hadi jicho utakuonyesha mara moja kama yanatazamana.

Hata hivyo, si kila mlango unaorudi juu una kosa la macho. Ukishuka mpaka ukagusa sakafu ndipo ukageuka, tazama sakafu yenyewe kwanza, kwa maana Januari iliyofuata wetu ulifanya hivyo kwa sababu ya theluji iliyodondoka kwenye matairi na kuganda chini ya mpira wa mlango. Kama sakafu ni safi, basi kikomo cha kushuka kilichowekwa kwenye mota ndicho kinachohitaji kurekebishwa. Ukikwama mahali palepale kila mara, chunguza reli na magurudumu yake.

Kuna jambo moja ambalo naomba lisichukuliwe kwa wepesi. Mlango ukiwa umefungwa kabisa, vuta kamba nyekundu inayoutenganisha na mota, uunyanyue kwa mikono hadi kiunoni, kisha ulegeze mikono polepole. Mlango usio na hitilafu hubaki hapo. Ukiwa mzito mno au ukitaka kuanguka, springi imechoka au imekatika, na hapo kazi yako imekwisha: usiguse springi wala nyaya za chuma, maana zimebeba uzito wa mlango wote na zimewahi kuua. Mwite fundi wa milango hiyo.

Vilevile, mota nyingi hufunga mlango ukishikilia swichi ya ukutani bila kuiachia, hata kama macho hayaonani. Nimewaona majirani wakiishi hivyo miezi. Njia hiyo ni ya dharura, kwa mtu anayeuona mlango wote kwa macho yake, na haifai kabisa kuwa mazoea katika nyumba yenye watoto.

Nikimaliza marekebisho yoyote hulaza kibao chenye unene wa karibu sentimita 4 katikati ya njia ya mlango, kisha nikaufunga. Unapaswa kukigusa na kurudi juu ndani ya sekunde 2; usiporudi, hautumiki kwa mota mpaka urekebishwe. Kibao chetu kinakaa nyuma ya mlango wa kuingilia ndani, na kila mwezi unapoanza binti yangu ndiye anayenikumbusha kukitoa.