Lugha ya magrupu ya kripto: jibu kwa mleta uzi aliyetumiwa "ape before CEX"

Mkuu, umefanya la maana kuuliza kabla hujatuma hela. Kwa mliochelewa kuingia: mleta uzi ameunganishwa na rafiki yake kwenye grupu la Telegram, akakuta ujumbe umebandikwa juu kabisa na hakuambulia kitu. Unasema hivi: "gm fam. Dev based, LP burned, contract renounced, 40k MC. Ape before CEX. Diamond hands wagmi, paper hands ngmi. NFA DYOR." Anauliza kama kuna kamusi ya haya mambo.

Kamusi zipo tele mtandaoni, ila hazitakufikisha mbali. Nimekaa kwenye haya magrupu miaka mingi, mengine nikiwa msimamizi, na mimi huwa sianzi na maana ya neno. Naanza na kazi yake. Kuna maneno yanayotaja kitu ambacho mtu yeyote anaweza kwenda kukikagua kwenye blokicheni, lile daftari la wazi la miamala ya kripto. Na kuna maneno yanayokusukuma: nunua, usiuze, nyamaza. Huo ujumbe wako umeyachanganya, na aliyeuandika anajua anachofanya. Tuupite kipande kwa kipande.

"gm" ni salamu ya asubuhi, wanaitoa hata usiku wa manane. "Fam" ni ndugu zangu. "Dev based" maana yake aliyeunda tokeni, yaani hiyo sarafu wanayoiuza, ni mtu anayejiamini, asiyeyumbishwa. Ni sifa tupu, haina cha kukagua. Pita.

"LP burned" hapo sasa kuna nyama. Tokeni mpya haina soko mpaka mtu aweke bwawa la ukwasi kwenye soko lisilo na mwenyewe, kama Uniswap. Anaweka upande mmoja tokeni zake, upande mwingine ether (sarafu ya mtandao wa Ethereum) au sarafu nyingine yenye thamani, na watu wananunua na kuuza kupitia hilo bwawa. Aliyeweka anapewa tokeni za LP, ambazo ni kama stakabadhi: akizirudisha, anachukua vilivyomo bwawani kwa kadiri ya fungu lake. Anaweza kufanya hivyo usiku mmoja mkiwa mmelala. Mkiamka, tokeni zenu mnazo zote na hakuna pa kuziuzia. Hiyo ndiyo "rug pull", kuvutiwa zulia mkiwa mmesimama juu yake. Sasa mtu akisema LP imechomwa, anadai stakabadhi hizo zimetumwa kwenye anwani isiyo na ufunguo, hakuna atakayezitoa tena. Dai hili linakagulika: fungua kivinjari cha blokicheni, yaani tovuti inayoonyesha miamala na nani ana nini, tafuta tokeni za LP za bwawa hilo, angalia ziko kwa nani. Ukikuta nusu tu ndiyo imechomwa na nusu iko kwenye pochi ya kawaida, yaani akaunti ya mtu ya kutunzia kripto, umeshapata jibu lako. Kuna pia "locked", zimefungwa mpaka tarehe fulani. Iangalie hiyo tarehe. Nimewahi kuona grupu zima linashangilia kufuli ambalo lilikuwa linafunguka wiki ileile.

Halafu, na hapa wengi ndipo wanapopigwa, LP inaweza kuwa imechomwa kweli na bado ukalizwa. Muundaji hahitaji kugusa bwawa kama ana tokeni nyingi mfukoni. Atasubiri mnunue, kisha atamwaga zake zote sokoni na kuondoka na ether yenu. Kwa hiyo baada ya LP, nenda kwenye orodha ya wamiliki wakubwa. Niliwahi kuletewa tokeni moja na mwanachama aliyetaka nimhakikishie. LP ilikuwa imechomwa, safi kabisa. Kwenye orodha, hakuna pochi hata moja iliyokuwa na fungu la kutisha. Lakini nilipofuata ether ya kwanza iliyoingia kwenye pochi kadhaa za juu, zote zilijazwa kutoka anwani ileile, zikifuatana dakika kwa dakika. Mtu mmoja, kofia nyingi. Wenyewe hizo wanaziita "bundled wallets".

"Contract renounced" ni kwamba muundaji ameachia mamlaka juu ya mkataba janja, yaani programu inayoendesha tokeni, hivyo hawezi tena kubadilisha kodi ya mauzo wala kuchapisha tokeni mpya. Nalo linakagulika, ila si kinga kamili: kama mtego uliandikwa ndani ya programu tangu mwanzo, kuachia mamlaka hakuuondoi. Mtego unaojulikana zaidi ni "honeypot", ambapo kununua unaruhusiwa, kuuza umefungiwa. Mwaka 2021 ilitoka tokeni ya SQUID, iliyojipachika jina la tamthilia ya Kikorea iliyokuwa inavuma. Ilipanda mpaka zaidi ya dola 2,800, na watu wakawa wanaona mali kwenye simu zao lakini hawawezi kuuza. Tarehe 1 Novemba ikaporomoka hadi chini ya senti moja. Kwa hiyo chati inayopanda tu bila kushuka hata kidogo usiifurahie. Angalia kama kuna anayeuza na akafanikiwa.

"40k MC", thamani ya soko dola 40,000. Hii namba ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa sababu ni hesabu sahihi kabisa. Unachukua bei ya muamala wa mwisho, unazidisha kwa idadi ya tokeni. Tokeni bilioni moja kwa dola 0.00004 ni dola 40,000. Lakini hizo hela hazipo popote. Kama bwawani kuna ether ya dola 3,000, basi wenye tokeni wote kwa pamoja, wakitaka kutoka, watagawana hizo 3,000, na wa mwisho kufika atakuta vumbi. Kwa hiyo akikwambia "40k MC tu, ikifika milioni 4 umepata 100x", muulize bwawa lina kiasi gani. Utaona anavyobadilisha mada.

"Ape before CEX". CEX ni soko lenye kampuni inayolisimamia na kukutunzia sarafu, DEX ni lile la bwawa. "Ape" ni kuvamia bila kuchunguza. Wenyewe wanajiita "degens" na kujisifia kabisa. Huu ni msukumo mtupu: wahi, tutaingia soko kubwa karibuni. Ahadi ya kuingia CEX haigharimu chochote kuiandika. Na kama ni kweli, wanaosubiri siku hiyo ni walionunua mapema ili wakuuzie wewe. Kuna neno lao la kumtaja mtu wa namna hiyo, "exit liquidity", na ndilo neno la ukweli kuliko yote katika lugha hii: hela yako ndiyo mlango wao wa kutokea. Hulikuti likitumika ndani ya grupu la tokeni wanayouza. Wanalitumia wakiwa pembeni.

"Diamond hands" na "paper hands" zilisambaa sana Januari 2021 wakati wa sakata la hisa za GameStop: mikono ya almasi haiachii, ya karatasi inauza ikitikiswa kidogo. "Wagmi" ni sote tutatoboa, "ngmi" ni huyo hatoboi. Baba yao ni "hodl". Tarehe 18 Desemba 2013, bei ya Bitcoin ikiwa inaporomoka, mwanachama wa jukwaa la Bitcointalk anayejiita GameKyuubi aliandika akiwa amelewa wiski kwamba yeye anashikilia tu, akakosea herufi za "holding" kwenye kichwa cha habari ikawa "hodling", akaandika kwamba anajua amekosea na akaiacha hivyo hivyo. Yale maelezo kwamba kila herufi inasimamia neno yalibandikwa baadaye. Kinachosahaulika ni hoja yake: alisema hajui kuuza na kununua kwa kuvizia bei, na anayejua atamla, kwa hiyo bora atulie. Hoja ya mtu anayejua kiwango chake. Leo neno hilohilo linatumiwa kumwaibisha mtu asiuze tokeni iliyozaliwa juzi, huku anayemwaibisha anauza. Sina uvumilivu nalo likitumiwa hivyo.

"NFA DYOR": huu si ushauri wa kifedha, fanya uchunguzi mwenyewe. Wanaweka mwishoni kama kinga, baada ya kukushauri sentensi nzima.

Sasa machache ambayo hayamo kwenye ujumbe wako lakini utakutana nayo wiki hiihii. "Rekt" ni kufilisika vibaya, "whale" ni nyangumi, mwenye mzigo mkubwa unaotikisa bei, "bag" ni mzigo wako mwenyewe. "Sats" ni vipande vya Bitcoin, na kipande kimoja ni sehemu 1 kati ya 100,000,000 za Bitcoin moja. Mtu akikuahidi zawadi ya sats 50,000, ni Bitcoin 0.0005. Piga hesabu kwanza ndipo ushangilie.

"Gas" ijue vizuri. Ni ada ya kuendesha muamala kwenye Ethereum, inapimwa kwa gwei, na gwei ni sehemu 1 kati ya bilioni moja za ether moja. Kutuma ether kwa kawaida kunatumia gas 21,000. Bei ikiwa gwei 20, unalipa ether 0.00042. Muamala ukifeli njiani, ada bado inaliwa. Na inakatwa na mtandao kutoka pochi yako mwenyewe wakati unatuma. Kwa hiyo mtu yeyote anayekwambia "nitumie gas fee ili tuachie hela yako" ni tapeli. Sijawahi kuona ambaye hakuwa.

"Seed" au "seed phrase" ni yale maneno 12 au 24 ambayo pochi ilikupa mwanzoni, kutoka orodha ya maneno 2,048. Hayo maneno ndiyo yanayotoa funguo za pochi, na mwenye nayo ndiye mwenye mali, basi. Ukiuliza swali kwenye grupu lolote, ndani ya dakika utaletewa ujumbe faragha na "admin" au "support" akitaka "ku-sync" au "ku-validate" pochi yako kwenye ukurasa fulani. Hakuna kitu kinachoitwa hivyo. Wanataka maneno. Ile kauli ya "not your keys, not your coins" (funguo si zako, sarafu si zako) nayo inahusu funguo hizi: ukiacha sarafu kwenye CEX, funguo ni za kampuni. Walioweka sarafu kwenye CEX ya Mt. Gox walilijua hilo Februari 2014, kampuni iliposema Bitcoin kama 850,000 hazionekani, na waliokuwa kwenye ile ya FTX wakalijua Novemba 2022 ilipofilisika.

Limebaki moja, "FUD": woga, mashaka na uzushi wa kushusha bei. Kweli wapo wanaoeneza uzushi. Ila kwenye grupu kama lako ndilo jina la kila swali. Jaribu, haligharimu kitu: uliza kwa adabu bwawa lina kiasi gani, na pochi kumi za juu zina asilimia ngapi. Grupu la watu wenye nia njema litakupa kiungo ujionee. Lingine litakuita "fudder", litafuta swali lako, na pengine litakutoa.

Huyo rafiki yako aliyekuunganisha, muulize kama ameshauza hata kidogo au anaangalia namba tu kwenye simu. Na ukipata anwani ya mkataba wa hiyo tokeni ibandike hapa chini, ya mkataba lakini, siyo pochi yako. Nitaipitia usiku nikitulia, na wakuu wengine wenye uzoefu wataongezea.