Uliza Fundi: RX-8 ya kwenda nayo kazini kila siku?

Kaka shikamoo. Nakaa Goba, kazini Posta. Kuna mtu anauza Mazda RX-8 ya 2004, manyuo, bei imeshuka sana. Nataka iwe gari yangu ya kila siku, kiangazi na masika. Niichukue? (Msomaji, Goba)

Marahaba mdogo wangu. Naipenda hiyo gari kwelikweli ila kwa matumizi yako mimi ningeiacha. Injini yake ni rotari ya lita 1.3, haina pistoni za kupanda na kushuka kama tulivyozoea, ina rota zinazozunguka, na imeundwa hivyo hivyo kuchoma oili kidogo ili kulainisha sili (vizibo vya kuzuia kuvuja) za ndani, kwa hiyo usipopima oili mara kwa mara unaiua taratibu. Alafu haipendi kuwashwa ikiwa ya baridi, usogeze mita 10 pale getini uzime, mafuta yanalowanisha plagi inagoma kuwaka. Na mafuta inakula, kwenye foleni ya Morogoro Road utaumia.

Kama moyo umeshaenda, iendeshe nusu saa, zima, washa hapo hapo ikiwa ya moto. Ikisumbua kuwaka, kompresheni (nguvu ya injini kubana hewa na mafuta) imechoka, ondoka. Ikiwaka vizuri bado mtafute fundi mwenye kipimo cha kompresheni cha rotari, cha kawaida hakifai.

Ningekuwa wewe ningevuta subira nitafute Toyota 86, zilianza 2012, lita 2.0, pistoni za kawaida. Nayo imekaa chini karibu na barabara, matuta pitia mshazari, na masika Jangwani ikijaa maji usijaribu, iache nyumbani panda daladala.